Kuvuka Ziwa Tanganyika kwa tanga hupangwa ukiwa bado mwaloni

Ndugu Mhariri,

Kila bei ya petroli inapopanda, mazungumzo ya tanga yanarudi kwenye mialo yetu ya Kibirizi, Katonga na Ujiji. Mtu ana boti la mbao la mita saba, ana mzigo wa kupeleka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, anapiga hesabu ya mafuta ya kwenda na kurudi, kisha anamwita fundi amsimamishie mlingoti. Si wazo baya. Ujiji ilikuwa na majahazi ya tanga kabla ya injini yoyote kuonekana ziwani. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba wengi wanalichukulia tanga kama injini isiyokunywa mafuta: wanalifunga, wanapakia kama kawaida, na wanaondoka saa ile ile waliyoizoea. Ukiwa na tanga, mahali pa kuanzia kuvuka, mwezi na saa ya kuondoka vinaamuliwa na upepo. Mnunuzi anayesubiri mzigo hana kauli hapo.

Wapo vijana wanaojifunza kwa video za intaneti za watu wanaovuka Bahari ya Atlantiki kwa vyombo vidogo. Wajifunze, yapo mengi ya kufaa, ila wajue tofauti. Kutoka visiwa vya Canary hadi Karibea ni takriban kilomita 5,000, safari ya wiki tatu au nne. Mpangaji wa huko anachagua msimu: anangoja vimbunga vya Atlantiki viishe, anaondoka Novemba au Desemba, na dhoruba ikimkuta njiani anapunguza tanga, anaacha chombo kielee, anakwenda kulala. Nafasi anayo. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, lakini upana wake wa wastani ni kilomita 50 tu, na pale linapopanuka sana ni kama 70. Boti linaloelea bila tanga na kusukumwa kilomita tatu kwa saa, kwa usiku mmoja wa saa 12 limekwenda kilomita 36. Atlantiki hizo si kitu. Hapa ni zaidi ya nusu ya ziwa, na mwisho wake ni miamba. Kwa hiyo kabla ya kusema "tutangoja upepo utulie", nahodha lazima ajue nchi kavu iliyo upande anakosukumwa iko kilomita ngapi.

Nanga nayo haimsaidii kama inavyomsaidia mtu wa Pwani. Kina cha Tanganyika kinafika mita 1,470, na sehemu nyingi chini kunashuka ghafla karibu kabisa na ufuko. Kamba ya mita 50 inaning'inia tu. Badala yake kuwe na nanga ya kuelea: mfuko wa turubai zito uliokatwa kama faneli, mdomo wa sentimita 70 ulioshonewa duara la nondo ya milimita 8, na tundu la sentimita 10 nyuma ili maji yapite. Ifungwe omo (mbele ya boti) kwa kamba ya mita 30 hadi 40. Haikusimamishi. Inakupunguzia mwendo wa kusukumwa na, zaidi ya hapo, inalishika boti lielekeze omo kwenye mawimbi lisije likalala ubavu. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama wima kuliko ya bahari kuu. Likikupata moja la ubavuni, la pili limeshafika kabla hujajipanga.

Sasa njia. Kutoka Kigoma hadi Kalemie kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 125, unaelekea kusini ukiegemea magharibi kidogo. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hadi Agosti au Septemba, upepo unaotawala ni kusi, wa kusini-mashariki, na unaweza kupuliza siku kadhaa mfululizo. Ukiondoka bandarini na kuelekeza omo moja kwa moja Kalemie, upepo huo unakuwa karibu usoni. Tanga lililoshonwa vizuri litakwenda, kwa shida. Upepo ukigeuka kidogo tu ukatoka kusini kamili, basi haliendi tena. Itabidi ubishe, yaani uende kwa kukata kona dhidi ya upepo, mara mashariki, mara magharibi, na zile kilomita 125 zitapita 200. Hapo ndipo watu wanapokutwa na usiku wa pili wasioupangia, maji ya kunywa yamekwisha na wafua maji wamechoka.

Tunachokishauri ni kutovuka kutokea Kigoma. Teremka kwanza na pwani ya mashariki hadi maeneo ya Rasi Kabogo, kama kilomita 65, kwa siku mbili. Tembea asubuhi tu, kwa upepo mwepesi unaotoka nchi kavu usiku na kufifia jua likipanda, na ikifika saa tano uwe umeshatia ufukoni. Upepo ukikataa, hapa ndipo pa kutumia injini, kwa sababu nchi kavu iko karibu. Ukipita mdomo wa Malagarasi kaa mbali, kilomita mbili au zaidi. Mchanga unaoletwa na mto hujenga mafungu yanayohama, mawimbi yanapasuka juu yake, na viboko na mamba wapo. Utaujua mdomo kwa maji kugeuka rangi ya udongo.

Kutoka Kabogo hadi Kalemie ni kama kilomita 80, uelekeo wa kusini-magharibi. Upepo wa kusini-mashariki sasa unakupiga ubavuni kabisa, na huo ndio mwendo ambao boti la tanga hukimbia vizuri na kutulia. Umeongeza siku mbili za pwani, lakini umepunguza saa za kuwa katikati ya ziwa, na hatari iko kwenye saa hizo.

Boti zetu nyingi zina tako bapa na mkuku mdogo (mti wa chini unaopita urefu wa boti), kwa hiyo upepo wa ubavuni unazitelezesha. Omo inatazama huku, chombo kinakwenda kule. Mtelezo wa digrii 10 tu, katika kilomita 80, unakutoa kilomita 14 nje ya njia. Ukifika ng'ambo na kukuta pwani tupu, hujui mji uko kulia au kushoto. Kiangazi upepo unakusukuma kaskazini, basi elekeza makusudi kusini ya mji, zaidi ya mtelezo wako. Pwani ikionekana, geuka kulia bila kubahatisha, tena sasa upepo uko mgongoni. Pima mwenyewe kwenye ramani, andika nyuzi za dira kwenye kibao kwa rangi, uweke karibu na usukani. GPS ya simu ni nzuri na inafanya kazi hata pasipo mtandao, ikiwa ramani uliipakua mapema. Iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na pawabenki iliyojaa. Dira, hata hivyo, haihitaji kuchajiwa. Usiiweke karibu na injini, nondo au spika ya redio, itadanganya.

Kupunguza mtelezo, fundi anaweza kuweka ubao wa pembeni wa sentimita 40 kwa mita moja na nusu, unaoshushwa majini upande usiotoka upepo. Ni kazi ya siku moja na inabadili tabia ya boti kabisa. Ajabu ni kwamba wengi hukubali kulipia rangi mpya na jina la boti, na huu ubao wanauona anasa.

Saa ya kuondoka. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, kilomita 80 ni saa 11 na ushei. Kwa mwendo wa 5.5, ambao ndio wa kupangia, ni saa 14 na nusu. Ukiondoka saa 9 usiku, mwendo mzuri unakufikisha kati ya saa 8 na saa 9 mchana, na mwendo wa kupangia saa 11:30 jioni, jua bado halijazama. Ukiondoka saa 12 asubuhi kwa sababu mzigo ulichelewa, unaingia pwani usiyoijua gizani. Mzigo ukichelewa, safari ni ya kesho yake.

Weka pia saa ya kugeuka, na uwatajie mabaharia wote kabla ya kung'oa nanga. Kwa mfano huu ni saa 1 asubuhi: ikiwa hamjatimiza kilomita 22, rudini. Mwendo mtakaotumia kurudi hautakuwa mbaya kuliko wa kwenda, maana upepo wa ubavuni unafaa pande zote mbili. Inatajwa mapema kwa sababu ikifika saa hiyo kila mtu atakuwa na sababu ya kuendelea: mmoja ana deni, mwingine ana harusi, wa tatu anaona milima ya Kongo na kudhani amefika. Milima ile huonekana kutoka mbali sana hewa ikiwa safi. Isikupe imani.

Saa 9 usiku ni giza, kwa hiyo angalia mwezi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na kuangaza usiku kucha. Siku zinazofuata unachelewa kuchomoza, lakini saa 9 usiku unakuwa juu. Kwa hiyo tangu mwezi mpevu hadi siku tano au sita baadaye una mwanga wa kuondokea hadi alfajiri. Faida ya pili ni kwamba wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki kwenye mbalamwezi. Usiku wa giza ziwa linajaa taa, na mgeni huziona akadhani ni mji. Anazifuata, anaingia katikati ya nyavu, usukani unanasa. Taa za mji zimepangana na hazichezi. Taa za wavuvi hupanda na kushuka na wimbi. Zitazame dakika mbili kabla ya kuamua.

Wewe nawe uonekane. Taa nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe tezi (nyuma ya boti). Kwa chombo cha tanga kisichofika mita saba sheria inaruhusu tochi ya mkononi kama taa hizo haziwezekani, ila tochi iwe tayari na iwashwe mapema. Meli ikikaribia, elekeza tochi kwenye tanga lako, litang'aa lote. Na kujua kama mtagongana: linganisha taa ya meli na mlingoti wako ukiwa umetulia kwenye uelekeo mmoja. Ikiwa inakua na haisogei mbele wala nyuma ya mlingoti, mnakwenda kukutana. Geuka wewe, tena geuka sana waone, kwa sababu meli yenye shehena haisimami wala haigeuki upesi.

Miezi ya mvua ni habari nyingine. Kusi inapungua, ziwa linaweza kuwa shwari hadi uchoke, hatari inakuja kwa wingu. Wingu refu, jeusi chini, lenye kichwa kilichotanuka juu. Kisha upepo wa baridi ghafla kutoka upande wake. Kisha mstari mweupe juu ya maji unaokujia. Ukiona mstari mweupe umeshachelewa. Tanga litue lote ukisikia ule ubaridi, lifungwe kwenye foromali (boriti inayobeba tanga), watu wakae chini kabisa sakafuni, mbali na mlingoti kwa ajili ya radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Tukilazimika kuchagua, bora kiangazi chenye upepo unaoutabiri kuliko utulivu wa Novemba.

Nguvu ya upepo hukua kuliko watu wanavyodhani. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo kwenye tanga unaongezeka mara nne. Ndiyo maana boti liwe na matanga mawili: kubwa la mita za mraba 15 hivi kwa boti la mita saba, na dogo la sita au saba. Dogo lifungwe likiwa bado linaonekana la kijinga. Kubadili tanga mawimbi yakishaanza kuvunjika meupe kila upande ni kazi ya watu watatu na mmoja wao atateleza. Kitambaa cha turubai la plastiki kinaweza kutumika kwa anayeanza, ila usitegemee yale matundu yenye pete kiwandani, ndiyo yanayochanika kwanza. Kunja ukingo juu ya kamba ya milimita 8, shona mistari miwili kuzunguka tanga zima, na kamba zote zifungwe kwenye ile kamba ya ukingo.

Jambo moja tungependa lisisitizwe kuliko yote kuhusu tanga: demani, ile kamba inayolivuta na kulilegeza, isifungwe fundo. Izungushwe mara moja kwenye kigingi na mwisho wake ushikwe mkononi. Upepo ukipiga ghafla, mshikaji anaachia, tanga linapepea, boti linanyooka. Demani iliyofungwa fundo inapindua boti kabla mtu hajapata kisu. Mshikaji asiwe na kazi nyingine, hata ya kugawa chakula.

Kupakia. Chombo chenye tanga kinainama, na hivyo hakiwezi kubeba anachobeba mwenye injini. Kikiwa kimepakiwa, maji yametulia, ukingo uwe juu ya maji si chini ya sentimita 40. Piga mstari wa rangi ubavuni na uuheshimu. (Anayeleta boti kutoka Pwani ajue kwamba kwenye maji baridi litazama kidogo zaidi, maana maji ya bahari ni mazito kwa asilimia kama mbili na nusu.) Magunia yakae chini, katikati, yafungwe yasihame. Gunia moja la kilo 100 likiserereka upande ulioinama, linawavuta wenzake. Hakuna abiria wa kukaa juu ya mzigo. Maji ya ngama (yanayotuama chini ndani ya boti) nayo ni mzigo unaokimbia: lita 200 ni kilo 200, na zinakimbilia kule kule boti linakoinamia.

Shimo la upana wa sentimita 5, likiwa sentimita 30 chini ya maji, linaingiza takriban lita 170 kwa dakika. Mtu mmoja na ndoo ya lita 10 anahitaji kutoa ndoo 17 kila dakika ili tu maji yasipande, na hataweza kwa muda mrefu. Kwa hiyo kuziba kwanza, kufua baadaye. Boti libebe kipande cha mbao nyembamba, mpira wa tyubu, misumari, nyundo, matambara na kabari mbili tatu, vyote kwenye mfuko mmoja unaojulikana. Ndoo mbili, zimefungwa kamba zisipotee. Kalafati (vizibo vya nyufa kati ya mbao) ikaguliwe wiki moja kabla ya safari, boti likiwa majini na limepakiwa, kwani mbao za juu ambazo kwa kawaida ni kavu ndizo zitakazovuja likiinama.

Chini ya mabenchi funga madumu sita matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa. Yanakupa uelezi wa karibu kilo 120, na boti la mbao lililojaa maji haliendi chini, linabaki la kushikilia. Likipinduka, kaeni nalo. Kuogelea kwenda "pale karibu" kumemaliza wengi, kwa kuwa nchi kavu kutoka usawa wa maji inaonekana jirani. Jaketi okozi livaliwe tangu mwaloni, na lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Lisilo na mkanda huo linapanda usoni. La mtoto liwe la mtoto. Dumu tupu la saba, lenye kamba ya mita 15, likae tezi bila kufungwa, la kumtupia aliyeanguka. Linatosha watu wawili watatu kujishikilia. Mtu mmoja amnyooshee kidole aliyeanguka na asiondoe macho. Mwendee kutoka upande usiotoka upepo, tua tanga, mpandishe kwa tezi kwa kitanzi cha kamba cha kukanyagia. Mkimvuta kwa ubavuni wote pamoja, boti litamfuata.

Injini ndogo ya akiba bado tunaitaka. Mafuta yake yagawiwe theluthi: ya kwenda, ya kurudi, ya akiba. Mchanganyiko ufuate maelekezo ya injini. Wa 50 kwa 1 ni mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20. Bebeni pia pulagi mbili, pini ya panga la injini na kamba ya kuivutia. Maji ya kunywa lita nne kwa kila mtu kwa siku, na siku moja zaidi. Ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, Kigoma tunakijua kipindupindu.

Mwisho wa matayarisho ni karatasi. Ukiacha za Uhamiaji, Forodha na ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini), iwepo moja anayobaki nayo mtu wa nchi kavu: rangi na jina la boti, idadi na majina ya watu, saa ya kuondoka, mahali pa kuvukia, saa ya mwisho ya kufika. Iandikwe ni saa ya wapi, maana Kalemie wako saa moja nyuma yetu, na saa hiyo moja inaweza kuzua taharuki ya bure au, vibaya zaidi, subira isiyostahili. Saa tatu zikipita bila simu, aanze kupiga ng'ambo. Zikipita sita, aende bandarini na polisi na karatasi mkononi.

Ombi letu kwa wahusika ni dogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa yetu. Uandikwe kila alasiri kwenye ubao, Kibirizi, Katonga na Ujiji, kwa kilomita kwa saa na mita za wimbi, na chini ya ubao huo pawe na daftari la kuacha zile karatasi za safari. Uongozi wa mialo upo na mbao za kuandikia hazina gharama. Gazeti lako nalo, likipata nafasi ya sentimita chache, litusaidie kuuchapa.

Mafundi na manahodha wa maboti,
Kibirizi, Kigoma